Ndoa Mbele ya Sanduku la Kura

Swali la kama sheria ya nchi itambue ndoa ya watu wawili wa jinsia moja limewahi kupelekwa moja kwa moja kwa wapiga kura katika nchi kadhaa, na karibu kila lilikopelekwa, sauti nzito ya upinzani ilitoka katika nyumba za ibada. Tarehe 1 Desemba 2013 wapiga kura wa Kroatia, kwa kuhimizwa na Kanisa Katoliki lenye waumini wengi nchini humo, waliafiki kwa takriban asilimia 66 kwamba katiba yao itamke kuwa ndoa ni muungano wa mwanamume na mwanamke. Tarehe 22 Mei 2015 wapiga kura wa Ayalandi, nchi nyingine iliyolelewa na Kanisa hilohilo, waliamua kinyume chake kwa asilimia 62, ingawa maaskofu wao walikuwa wamewasihi wakatae. Katekisimu ilikuwa moja, sakramenti zilikuwa zilezile saba, na kati ya kura hizo mbili haikupita hata miaka miwili. Muumini anayeshikilia kwamba ukweli wa Mungu haubadiliki analazimika kujiuliza ni kitu gani hasa kilichohesabiwa katika masanduku hayo, kwa kuwa haiwezekani kiwe ni ukweli wenyewe.

Malawi haijawahi kupiga kura ya namna hiyo, lakini ni miongoni mwa nchi ambazo swali hili lina uzito wa pekee, kwa sababu mbili zinazoonekana ukisafiri kilomita zipatazo 45 kutoka Lilongwe hadi Dzaleka, kambi ya wakimbizi iliyoko wilaya ya Dowa. Sababu ya kwanza ni ya kikatiba. Kifungu cha 196 cha Katiba ya Malawi kinaweka sehemu kadhaa za katiba hiyo, ikiwamo sura ya haki za binadamu, chini ya ulinzi wa kura ya maoni, yaani kura ambayo wananchi wote hupiga juu ya jambo badala ya kumchagua mtu, hivi kwamba Bunge peke yake haliwezi kubadili kiini cha haki hizo kabla wananchi hawajaulizwa. Anayetaka kuziandika upya haki za ndoa na familia, awe anazibana au anazipanua, atalikuta sanduku la kura njiani. Sababu ya pili ni ya kibinadamu, nayo imo katika historia ya watu wanaozungumza Kiswahili kila siku pale Dzaleka, wengi wao wakiwa wametoka Kongo, Burundi na Rwanda.

Nchi hizo tatu zina jambo moja linalofanana ambalo halisemwi mara nyingi. Katiba ya Rwanda iliyopitishwa kwa kura ya maoni tarehe 26 Mei 2003 ilitamka kwamba ndoa inayotambuliwa ni ile ya kiserikali kati ya mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Katiba ya Burundi iliyopitishwa kwa kura ya maoni tarehe 28 Februari 2005 ilipiga marufuku ndoa ya watu wa jinsia moja katika kifungu chake cha 29. Na katiba ya Kongo iliyopigiwa kura Desemba 2005 inampa kila mtu, katika kifungu cha 40, haki ya kumuoa au kuolewa na amtakaye wa jinsia iliyo tofauti na yake. Kwa hiyo, wakazi wengi wa Dzaleka wametoka katika nchi ambazo ndoa imekwisha kupita mbele ya wapiga kura. Hata hivyo, mpiga kura wa Bukavu au wa Bujumbura aliyepanga foleni siku ile hakuwa ameendea ndoa. Alikuwa ameendea amani, mgawanyo wa madaraka, na tumaini kwamba bunduki zingenyamaza, na kifungu cha ndoa kilipita kikiwa kimefungwa ndani ya mzigo mkubwa zaidi. Kenya ilionyesha upande wa pili wa jambo hilo tarehe 4 Agosti 2010, pale Baraza la Kitaifa la Makanisa na maaskofu wa Kikatoliki walipowaomba waumini waikatae katiba mpya kwa sababu ya masuala ya utoaji mimba na mahakama za Kadhi, hali rasimu hiyohiyo, katika kifungu cha 45, iliifunga haki ya ndoa kwa watu wa jinsia tofauti kama makanisa yalivyotaka. Katiba ilipita kwa asilimia 67. Kura ya maoni hukusanya mambo mengi na kuyapa jibu moja, na anayedai baadaye kwamba wananchi walisema hivi au vile kuhusu ndoa anadai zaidi ya kilichosemwa.

Upinzani wa kidini hauna budi kuelezwa kwanza kwa haki, kama wenyewe wanavyouelewa, maana mara nyingi wanaoubeza hawajajipa taabu ya kuusikiliza. Kwa Mkatoliki, ndoa ni sakramenti, yaani ishara inayoonekana ya neema isiyoonekana, ambayo maharusi wenyewe hupeana na padri huishuhudia tu. Msingi wake ni agano lililo wazi kwa uzazi, na mafundisho ya Kanisa hulipata agano hilo katika ufunuo na pia katika sheria ya maumbile, maana yake ule utaratibu wa viumbe ambao akili ya binadamu inaweza kuutambua hata bila ya Maandiko. Kwa Mpresbiteri wa Sinodi ya Nkhoma, ambayo makanisa yake yametapakaa Lilongwe na Dowa, ndoa si sakramenti, bali ni agano lililowekwa na Mungu tangu uumbaji. Kwa Mwislamu, nikahi ni akidi, mkataba wenye nguzo zake, ukiwamo ukubali wa pande mbili, walii, mashahidi na mahari, na mipaka ya halali na haramu haitungwi na binadamu, hata wakikubaliana wote. Mikondo hii mitatu inatofautiana kuhusu talaka, kuhusu wake wengi na kuhusu kinachoifanya ndoa kuwa ndoa, lakini inakutana katika hoja moja, kwamba ndoa ni amana. Dola imeikuta, haikuiumba.

Mila za wenyeji nazo zina neno la kusema. Miongoni mwa Wachewa, ndoa hufungwa kwa chinkhoswe, mkutano wa koo mbili zinazowakilishwa na ankhoswe, yaani wasimamizi wa ndoa, ambao kwa kawaida ni wajomba. Kitendo kinachoikamilisha ni kupeana kuku: upande wa mume huleta jogoo, upande wa mke huleta tembe, wazee wakapokezana mbele ya watu, na tangu hapo koo mbili zimekuwa na deni la kusuluhishana. Mwishoni mwa Desemba 2009 watu wawili, waliotazamwa na sheria kuwa wanaume, walifanya chinkhoswe mjini Blantyre na kukamatwa siku chache baadaye, na Mei 2010 hakimu aliwahukumu miaka 14 jela pamoja na kazi ngumu, kabla Rais Bingu wa Mutharika hajawasamehe tarehe 29 ya mwezi huohuo, wakati Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa Ban Ki-moon alipokuwa Lilongwe. Wazee waliohoji ni upande upi ungeleta jogoo na upi tembe waliuliza swali la haki kutoka ndani ya mila yao, kwa kuwa ishara ile ya kuku inazungumza lugha ya jinsia mbili. Lakini mila hiyohiyo haikuwa na gereza. Adhabu yake kwa chinkhoswe isiyokubalika ilikuwa ni ankhoswe kutokuja. Miaka 14 ilitoka kwingine, katika Kanuni ya Adhabu ambayo utawala wa Uingereza uliiweka Nyasaland mwaka 1930, na ambayo kifungu chake cha 153 kinaadhibu kile inachokiita makosa kinyume cha maumbile. Anayesema kwamba anatetea utamaduni wa Kiafrika dhidi ya mambo ya kuletwa anapaswa kutenganisha kwa uangalifu kuku wa wazee na pingu za mkoloni.

Kutenganisha huko ndiko kumekosekana katika mabishano yaliyofuata. Mwaka 2011 Kanuni ya Adhabu iliongezewa kifungu cha 137A kinachowagusa wanawake pia. Mwaka 2015 Sheria ya Ndoa, Talaka na Mahusiano ya Kifamilia ilithibitisha kuwa ndoa ni ya mwanamume na mwanamke. Mwishoni mwa mwaka huohuo serikali ilisitisha ukamataji wa watu kwa vifungu vile vya jinai, na mapema mwaka 2016 Mahakama Kuu mjini Mzuzu ikauzuia usitishaji huo baada ya kufikishwa mbele yake na watu wa dini. Desemba 2016 maaskofu wa Kikatoliki na Umoja wa Makanisa ya Kiinjili waliandaa maandamano ya kutetea uhai na familia, na Julai 2023 Wakristo na Waislamu waliandamana tena katika miji ya Malawi, Lilongwe ikiwamo, kabla ya kesi iliyokuwa ikisubiri kusikilizwa na majaji wa Mahakama Kuu waliokaa Blantyre kama mahakama ya katiba. Waliandamana kwa jina la ndoa. Kesi ile, hata hivyo, haikuomba ndoa. Waombaji walikuwa wameshtakiwa kwa jinai, na walichoomba ni kwamba vifungu vya adhabu vitamkwe kuwa kinyume cha katiba. Tarehe 28 Juni 2024 majaji walilikataa ombi lao. Si jambo dogo kwamba umati mkubwa wa waumini wenye nia njema uliitwa barabarani kulinda kitu ambacho hakuna aliyekigusa, na kwamba kilichokuwa kikilindwa kwa kweli kilikuwa ni kifungo.

Hapo ndipo hoja ya kidini inapohitaji uchambuzi wake wa kale, ule wa dhambi na jinai. Dhambi ni kosa mbele ya Mungu, jinai ni kosa ambalo dola ina haki ya kuliadhibu, na mapokeo ya dini hayajawahi kuyafanya maduara hayo mawili kuwa moja. Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13 ambaye seminari za Kikatoliki bado humsoma, alifundisha katika Summa Theologiae kwamba sheria ya binadamu hutungwa kwa ajili ya umati ambao wengi wao si wakamilifu, na kwa hiyo haikatazi maovu yote, bali yale mazito ambayo watu wengi wanaweza kujiepusha nayo, hasa yanayowadhuru wengine na ambayo jamii haiwezi kudumu bila kuyazuia, kama vile uuaji na wizi. Wanazuoni wa Kiislamu nao, wakitegemea katazo la Kurani la kupelelezana, waliweka mpaka kati ya uovu uliodhihirika na uliositirika nyumbani, na wakamkataza msimamizi wa maadili kuruka ukuta wa mtu ili ayatafute makosa yake. Januari 2023 Papa Francis alizungumza katika mkondo huohuo aliposema kwamba mapenzi ya jinsia moja si jinai na kwamba dhambi na jinai ni vitu viwili. Hakuna hata mmoja kati ya waalimu hawa aliyeibadili maana ya ndoa. Inawezekana kabisa, na kwa uthabiti wote, kukataa kuifunga ndoa na papo hapo kukataa kumfunga mtu.

Kwamba makanisa ya Malawi yanaweza kusema hapana kwa jambo la madhabahuni bila msaada wa polisi kulionekana waziwazi Desemba 2023. Vatikani ilipotoa tarehe 18 ya mwezi huo tamko la Fiducia Supplicans, lililoruhusu makasisi kuwabariki kwa sala fupi isiyo ya liturujia watu walio katika mahusiano ya jinsia moja, maaskofu wa Malawi walikuwa miongoni mwa wa kwanza duniani kutangaza kwamba baraka hizo hazitatolewa katika nchi yao, na mwezi uliofuata Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa alitoa msimamo kama huo kwa niaba ya mabaraza ya maaskofu ya Afrika. Anayekubaliana nao na asiyekubaliana nao wote watakiri kwamba huo ulikuwa ni uhuru wa dini ukitenda kazi yake. Jumuiya ya waumini ilisema itabariki nini na haitabariki nini, na hakuna aliyelala rumande kwa ajili hiyo. Kifungu cha 33 cha Katiba ya Malawi kinalinda uhuru huo wa dhamiri, na Bunge lolote litakalojaribu siku moja kumlazimisha mchungaji au shehe kufungisha ndoa ambayo imani yake inaikataa litakuwa limeuvunja.

Lakini uhuru huohuo ulipatikanaje? Jumapili ya tarehe 8 Machi 1992, wakati Malawi ilikuwa na chama kimoja na rais wa maisha, waraka wa kichungaji wa maaskofu saba wa Kikatoliki ulisomwa makanisani nchi nzima, ukizungumzia umaskini, elimu, woga, na haki ya mtu kusema alilo nalo moyoni. Maaskofu walihojiwa na polisi, na mmoja wa viongozi wa Kanisa, raia wa Ayalandi, alifukuzwa nchini. Wapresbiteri na Waislamu walijiunga na mapambano hayo kupitia Kamati ya Masuala ya Umma, na tarehe 14 Juni 1993 wananchi walipiga kura ya maoni ambamo taa ya chemli ilisimama kwa niaba ya vyama vingi na jogoo mweusi kwa niaba ya chama kimoja. Taa ilishinda kwa karibu theluthi mbili ya kura zilizopigwa. Jambo linalosahaulika ni kwamba katika Mkoa wa Kati, kwenye Lilongwe na Dowa, wengi walichagua jogoo, na waliposhindwa hawakuadhibiwa, hawakunyang'anywa mashamba wala uraia. Kura ile ilikuwa halali si kwa sababu walio wengi walipata walichotaka, bali kwa sababu iliuliza jambo lililomhusu kila mpiga kura sawasawa, na kwa sababu walio wachache walirudi nyumbani wakiwa salama.

Kura juu ya ndoa ya watu wa jinsia moja si ya namna hiyo. Asilimia kubwa ya wapiga kura haitaguswa na jibu, na mzigo wote utabebwa na wachache ambao hesabu yao haiwezi kamwe kufika nusu. Hili halimnyimi muumini haki ya kupiga kura kwa dhamiri yake, wala halifanyi ndoa ya dini moja kuwa lazima ifanane na ndoa ya sheria. Linamtaka tu atazame kwa makini kile anachokitia sandukuni. Akipiga kura ili sheria ya ndoa ibaki na maana anayoiamini, anafanya alichofanya Mkroatia na alichojaribu kufanya Mwayalandi, na anapaswa kuwa tayari kushindwa kama walivyoshindwa waumini wa Ayalandi, bila kuamini kwamba Mungu ameshindwa. Akipiga kura ili mwingine afungwe, ameingia katika eneo ambalo, kwa mizani ya Akwino na ya waraka wa 1992, walio wengi hawana mamlaka nalo. Na kuna hatari ya tatu, ya ndani zaidi, ambayo waumini wachache wameipima: anayelikabidhi fundisho lake kwa sanduku la kura ili lilindwe amekwisha kukubali kwamba sanduku lina uwezo wa kulihukumu, na hivyo amana ya Mungu imegeuzwa kuwa rai ya walio wengi, ambayo miaka ishirini ijayo walio wengi wengine wataibatilisha kwa uhalali uleule.

Wakazi wa Dzaleka wanaufahamu upande huu wa jambo kuliko wanavyoulizwa. Mahali penyewe, kabla ya kufanywa kambi mwaka 1994, palikuwa gereza ambamo utawala wa chama kimoja uliwafungia wapinzani wake wa kisiasa, na jina lake limetokana na kitenzi cha Kichewa cha kuacha, kana kwamba mfungwa anaahidi kutorudia. Eneo lililokusudiwa watu elfu kumi na kidogo leo lina zaidi ya 50,000. Malawi ilipojiunga mwaka 1987 na Mkataba wa 1951 kuhusu Hadhi ya Wakimbizi, ilijiwekea masharti ya kutofungwa na baadhi ya vifungu vyake, kikiwamo cha uhuru wa kutembea, na mwaka 2023 waliokuwa wamejitafutia riziki Lilongwe na miji mingine walirudishwa kambini kwa nguvu. Hawapigi kura katika nchi inayowahifadhi, na ile waliyoikimbia haiwafikii kwa sanduku lake. Sheria ya jinai, hata hivyo, inawahusu kwa ukamilifu. Endapo Malawi itapiga kura siku moja, watu hawa watafungwa na jibu ambalo hawakuulizwa, pamoja na wale wachache miongoni mwao ambao huenda walikimbia kwao kwa sababu ya swali hilihili, na ambao katika kambi iliyosongamana hivyo hawana pa kujisitiri.

Ipo karatasi moja ambayo wengi wao hawanayo, nayo ni cheti cha ndoa. Kilibaki ndani ya nyumba iliyoteketea Kivu, au kililowa mvua njiani, au hakikuwahi kuwapo kwa sababu ndoa ilifungwa na wazee na mahari ikapokelewa ng'ombe kwa ng'ombe. Mbele ya meza ya usajili, mume na mke husimama pamoja na kutaja majina yao na ya watoto ili waandikwe kuwa kaya moja, na mara nyingine jirani wa kijiji kilekile, au mchungaji, au imamu wa msikiti wa kambini huitwa kuthibitisha. Kifungu cha 12 cha Mkataba wa 1951 kinaitaka nchi mwenyeji iheshimu haki ambazo mkimbizi alizipata kwa ndoa yake ya awali, mradi ni haki ambazo sheria ya nchi hiyo ingezitambua hata kama mtu huyo asingekuwa mkimbizi. Hakuna aliyewahi kupiga kura juu ya ndoa zile. Zilivuka mipaka miwili au mitatu bila dola yoyote kuzishika mkono, mke akiwa amebeba mtoto na mume amebeba godoro, na zilipofika Dowa zilikuwa bado ni ndoa.